Tuiongezee PostgreSQL saa ya Kiswahili: kuandika fanksheni na kuijaribu hatua kwa hatua

Habari zenu, na karibuni sana. Niko nyumbani Sinza, saa tatu imeshapita usiku, barabara imetulia kidogo na feni nimeizima ili mnisikie vizuri. Leo PostgreSQL, seva ya hifadhidata, hatuitumii tu kuhifadhi data. Tunaingia ndani ya msimbo wa seva yenyewe, tunaiongezea fanksheni ambayo haina, kisha tunaijaribu mpaka tuiamini.

Fanksheni yenyewe ni ndogo. Unaipa saa kama kompyuta inavyoihesabu, yaani 0 hadi 23, nayo inakurudishia saa tunavyoitaja sisi. Ukiipa 7 inajibu 1, maana ni saa moja asubuhi. Ukiipa 19 inajibu 1 vilevile, saa moja usiku. Tutaiita saa_kiswahili.

Nimeichagua hii kwa sababu iliwahi kuniumiza. Miaka kadhaa nyuma niliandika mfumo wa tiketi kwa kampuni moja ya mabasi. Basi la kwanza lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ujumbe uliowafikia abiria kwenye simu ukasema: "Basi lako linaondoka saa 0 asubuhi." Siku hiyo nilikuwa kituoni Mbezi nikikagua printa za tiketi. Mama mmoja akaja dirishani ameshika simu yake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, saa sifuri ndiyo saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Kilichonikera zaidi ni kwamba jaribio la sehemu hiyo lilikuwepo, na kila siku lilikuwa linapita. Nililitengeneza kwa kuiendesha programu, nikachukua ilichotoa, nikakibandika kama jibu sahihi. Kwa hiyo jaribio langu lilikuwa linalilinda kosa langu.

Ndiyo maana leo nitawasumbua na daftari na kalamu. Kalichukue kabisa, nakusubiri.

Tuanze na vifaa. Natumia Ubuntu. Fungua terminali, andika:

sudo apt install git build-essential bison flex perl pkg-config libreadline-dev zlib1g-dev libicu-dev

Bison na flex ndizo zinazoisaidia seva kuielewa sarufi ya SQL. Perl utashangaa kuiona, ila inatumika kutengeneza majedwali ya ndani ya seva, na tutaligusa mojawapo leo. Sasa tuchukue msimbo:

git clone --depth 1 https://git.postgresql.org/git/postgresql.git

Hiyo depth 1 ni kwa ajili ya bando lako. Bila hiyo unashusha historia yote ya mradi, na mradi huu una umri: ulianza mwaka 1986 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina la PostgreSQL ukalipata mwaka 1996. Leseni yake inakuruhusu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa bila kumwomba mtu ruhusa.

Ingia kwenye folda, fungua tawi lako la kazi, kisha sanidi:

cd postgresql
git switch -c saa-kiswahili
./configure --prefix=$HOME/pgjaribio --enable-debug --enable-cassert
make -j4

Tusimame hapa kidogo. Hiyo prefix inaiweka seva ndani ya nyumba yako, haigusani na PostgreSQL nyingine iliyopo kwenye mashine. Na cassert ndiyo rafiki wa mwandishi wa msimbo: inawasha ukaguzi mwingi wa ndani, ili ukikosea seva ianguke papo hapo badala ya kuendelea kimyakimya na data iliyoharibika. Inapunguza kasi, kwa hiyo usiiwashe kwenye seva ya kazini. Hapa kwetu tunaitaka.

Make, inayougeuza msimbo kuwa programu, itachukua muda, inategemea mashine yako. Usiifanye hii kwa akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote, kwa sababu seva ya PostgreSQL inakataa kabisa kuwaka chini ya root, na majaribio nayo yatagoma.

Ikimaliza, kabla hujagusa herufi hata moja, andika:

make check

Amri hii inawasha seva ya muda, inaendesha majaribio zaidi ya 200, kisha inaizima. Yote yanatakiwa yapite. Kama kuna moja limeanguka sasa hivi, tatizo liko kwenye mashine yako au kwenye vifaa ulivyoweka, na ni afadhali ulijue kabla msimbo wako haujaingia. Usiruke hatua hii. Nimewahi kupoteza usiku mzima nikisaka kosa kwenye msimbo wangu, kumbe diski ilikuwa imejaa.

Sasa daftari. Chora safu mbili. Kushoto andika 0 hadi 23, kulia andika saa tunayoitaja. Usitumie fomula, tumia kichwa chako ulichokua nacho. Saa sita usiku ni 0, kwa hiyo andika 6. Inayofuata, 1, ni saa saba usiku, andika 7. Teremka hivyohivyo. Ukifika 5, saa kumi na moja alfajiri, andika 11. Ukifika 6, jua linachomoza hapa Dar, andika 12. Halafu 7 ni 1. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukujazia jedwali hili, na huo ndio uzuri wake: jibu linatoka kwetu, halitoki kwenye mashine.

Mtaniuliza, mbona fanksheni hairudishi na neno, "asubuhi", "mchana", "usiku"? Nililifikiria sana hilo. Nilipowauliza watu wa nyumbani kwangu tu, hatukukubaliana. Mmoja anasema saa tisa mchana, mwingine saa tisa alasiri. Saa kumi kwa huyu ni alasiri, kwa yule ni jioni. Namba haina ubishi, maneno yana mipaka inayotofautiana nyumba hadi nyumba. Fanksheni ya seva isiingie kwenye ubishi huo. Anayetaka neno aliweke kwenye programu yake, anawajua wateja wake.

Kuna jambo lingine lilinifanya nibadili mawazo. Mwanzoni nilitaka kukataa chochote kinachozidi 23. Lakini aina ya data ya time ndani ya PostgreSQL inaikubali '24:00:00' kama mwisho wa siku, na ukiiomba saa ya hapo inakupa 24. Tukiikataa, mtu mwenye data halali kabisa atakutana na kosa. Basi ongeza mstari kwenye daftari: 24, saa sita usiku, andika 6. Kuanzia 25 tunakataa, na namba hasi tunakataa.

Hamishia daftari kwenye jaribio. Tengeneza faili src/test/regress/sql/saa_kiswahili.sql, uandike:

SELECT h, saa_kiswahili(h) FROM generate_series(0, 24) AS h ORDER BY h;
SELECT saa_kiswahili(NULL);
SELECT saa_kiswahili(25);
SELECT saa_kiswahili(-10);

Angalia ORDER BY. Bila hiyo, seva haina ahadi yoyote ya mpangilio wa mistari ya majibu, na jaribio linalopita kwako leo linaweza kuanguka kwa mwenzako kesho bila kosa la mtu.

Majibu yanakaa kwenye folda jirani inayoitwa expected, faili saa_kiswahili.out. Humo yanaandikwa maswali na majibu yake kama psql, programu ya kuongea na seva, inavyoyaonyesha. Andika namba zako 25 kutoka daftarini. Kwa NULL, yaani thamani isiyopo, jibu ni nafasi tupu. Kwa 25 na kwa -10, ujumbe wa kosa. Nafasi kati ya herufi zinahesabika, kwa hiyo mara ya kwanza huenda tofauti ikawa ya nafasi tu. Hilo lisikutishe. Mwishoni, namba zote zikishakubaliana na daftari mstari kwa mstari, ndipo unaruhusiwa kunakili faili kutoka folda ya results, ambako majibu ya seva yanaandikwa jaribio likiendeshwa. Utaratibu ni huo: daftari kwanza, kunakili baadaye.

Kisha fungua src/test/regress/parallel_schedule, orodha ya majaribio, uongeze mwishoni:

test: saa_kiswahili

Sasa msimbo. Seva inazijua fanksheni zake kupitia jedwali la pg_proc, na kila fanksheni ina namba yake ya kudumu, OID. Usibuni namba kichwani, kuna skripti ya kukusaidia:

src/include/catalog/unused_oids

Itakuorodheshea namba zilizo wazi na kukupendekezea moja kati ya 8000 na 9999, eneo lililotengwa kwa kazi inayoendelea. Tuseme umepewa 8417. Fungua src/include/catalog/pg_proc.dat, karibu na mwisho, kabla ya mabano ya kufungia:

{ oid => '8417', descr => 'saa ya Kiswahili',
  proname => 'saa_kiswahili', prorettype => 'int4', proargtypes => 'int4',
  prosrc => 'saa_kiswahili' },

Kwa kawaida fanksheni za humu zikipewa NULL zinarudisha NULL zenyewe, kwa hiyo hilo hatuliandikii msimbo. Lakini tumeliandikia jaribio, na ndivyo inavyopaswa.

Twende src/backend/utils/adt/int.c, mwisho kabisa wa faili:

Datum
saa_kiswahili(PG_FUNCTION_ARGS)
{
    int32 saa = PG_GETARG_INT32(0);

    PG_RETURN_INT32((saa + 6) % 12);
}

Nimeandika makusudi ile fomula yangu ya zamani, ya kwenye tiketi. Ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, chukua baki. Ukiisoma haraka unaikubali. Tuendeshe jaribio letu peke yake:

make -j4
make check-tests TESTS="saa_kiswahili"

Limeanguka. Fungua src/test/regress/regression.diffs. Nasogeza skrini muone vizuri:

-  6 |            12
+  6 |             0

Mstari wenye alama ya kutoa ni daftari letu. Wenye alama ya kujumlisha ni seva. Hiyo hapo, saa sifuri ya yule mama. Teremka chini, utaikuta tena kwenye 18. Mistari mingine yote ya saa iko sawa, na ndiyo sababu kosa hili linajificha: saa 23 kati ya 25 zinajibiwa vizuri. Chini zaidi, 25 imekubaliwa bila swali, na -10 imetoa -4, kwa sababu lugha ya C ikichukua baki la namba hasi inakupa namba hasi. Hakuna saa hasi nne duniani.

Turekebishe. Tunataka mzunguko uanzie 1 na kuishia 12, usianzie 0. Futa ule mstari wa PG_RETURN_INT32, uweke hii:

    if (saa < 0 || saa > 24)
        ereport(ERROR,
                (errcode(ERRCODE_INVALID_PARAMETER_VALUE),
                 errmsg("saa %d haipo kati ya 0 na 24", saa)));

    PG_RETURN_INT32((saa + 5) % 12 + 1);

Pima kwa kalamu kabla ya kukompaili. Sita jumlisha tano ni kumi na moja, baki ni kumi na moja, ongeza moja, kumi na mbili. Sawa. Saba jumlisha tano ni kumi na mbili, baki sifuri, ongeza moja, ni moja. Sawa.

Rudia make, rudia jaribio. Kama bado kuna tofauti, isome. Ikiwa ni ya nafasi tu, linganisha namba zote na daftari, kisha nakili results kwenda expected. Halafu usisahau make check nzima, ili ujue hujavunja kitu cha mtu mwingine. Kwenye mashine yangu zote zimepita.

Niwe mkweli kwenu: fanksheni kama hii wenye mradi hawataiingiza kwenye kiini cha seva, na wana haki. Mahali pake pa kudumu ni kiendelezi, ambacho mtu anakiweka akikihitaji. Lakini njia tuliyopita leo, ya OID, pg_proc.dat, msimbo wa C na majaribio, ndiyo hiyohiyo utakayopita siku ukiwa na jambo linalofaa kuingia ndani. Likiwa jambo la watumiaji wawili kugongana kwenye mstari mmoja wa data, utahitaji pia folda ya src/test/isolation, ambako unapanga hatua za kila mmoja zipishane unavyotaka. Hiyo tutaifanyia video yake.

Sasa tuiwashe seva yetu wenyewe tuzungumze nayo:

make install
~/pgjaribio/bin/initdb -D ~/pgdata
~/pgjaribio/bin/pg_ctl -D ~/pgdata -o "-p 5433" -l ~/pg.log start
~/pgjaribio/bin/psql -p 5433 postgres

Nimetumia mlango 5433 kwa sababu 5432 huenda umeshikwa na PostgreSQL yako nyingine. Ndani ya psql, andika:

SELECT saa_kiswahili(extract(hour FROM now() AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'));

Inakataa. Inasema hakuna fanksheni ya saa_kiswahili inayopokea numeric. Tangu toleo la 14, extract inarudisha numeric, na seva haiigeuzi kuwa namba nzima yenyewe bila kuambiwa. Ongeza ::int baada ya mabano ya extract:

SELECT saa_kiswahili(extract(hour FROM now() AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::int);

 saa_kiswahili
---------------
             4

Naitazama saa ya ukutani hapa sebuleni. Saa nne na dakika kumi na mbili. Toka psql kwa \q, zima seva kwa ~/pgjaribio/bin/pg_ctl -D ~/pgdata stop, hifadhi kazi yako kwa git add kisha git commit, tukalale.