Tengeneza loki ya mtoni juu ya meza

Habari zenu, watu wangu. Hapa ni karakana, Mwanjelwa, Mbeya. Jirani anaranda mbao, kwa hiyo sauti ikipotea mtanivumilia. Leo tunatengeneza loki, kile chumba cha maji kinachopandisha na kushusha boti pale mto unapobadilika kimo. Mito yetu ya huku inaporomoka tu kwenye mawe, wala hakuna anayehangaika kupitisha boti. Lakini kule Panama meli zinapandishwa mita 26 kwa mtindo huu tangu 1914, maji yakishuka kwa uzito wake tu.

Kasha: urefu sentimita 90, upana wa ndani 15, kina 20. Paina ya Sao Hill inatosha, mninga waachieni wa makabati. Upande mmoja wekeni kioo, maana utamu wote ni kuona. Kukata, kugonga misumari, kupaka rangi ya mafuta, hayo mnayajua, naruka. Kona zibeni kwa silikoni na muiache ikauke siku nzima. Kwa baridi yetu ya Juni, ipe siku mbili.

Sasa milango. Hapa punguzeni mwendo.

Tunataka jozi mbili, ziligawe kasha sehemu tatu: juu, chumba, chini. Kila bawa la mlango lina sentimita 8. Nane na nane ni kumi na sita, na kasha lina 15, kwa hiyo mabawa yakikutana hayanyooki, yanatokeza ncha ya karibu sentimita 3, kama paa la nyumba lililolazwa. Ncha hiyo ielekee maji mengi. Narudia: ielekee maji mengi! Maji yanasukuma mabawa, mabawa yanabanana yenyewe. Ukigeuza, maji hayohayo yanafungua mlango na suruali inaloa. Jozi zote mbili ncha zinatazama juu, hata ile ya chini. Chukua kalamu sasa hivi, andika JUU kwenye kasha kabla hujashika gundi. Umeandika? Haya.

Bawaba ni vipande vya tyubu ya baiskeli. Sakafuni gundisha kizingiti cha ubao chenye umbo la V, bawa lije kuegemea hapo. Karibu na sakafu toboa kila bawa tundu la milimita 8, kizibo chake kata kwenye kandambili iliyochoka, chomeka waya wa kuvutia.

Jaza maji: juu sentimita 15, chini 5. Sasa tazameni... ngoja. Ngoja kwanza. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa kwenye kioo. Mnaona maji yanavyopenya chini ya mlango? Silikoni haina kosa. Ni maranda, kipande kimekwama kwenye kizingiti. Toa kwa kibanio, futa, funga tena. Imetulia. Pangusa kasha vizuri kabla ya maji, jamani.

Boti inatoka chini. Ingiza chumbani, funga mlango wa nyuma yake, vuta vizibo vya mlango wa juu. Polepole! Ukivuta vyote kwa pupa boti inagonga ukuta. Maji yakilingana na ya juu, mlango unasukumwa kwa kidole. Yasipolingana usilazimishe, hata ukiwa na mkono wa mbeba magunia wa Soweto ya hapa Mbeya. Na kila safari inashusha chumba kizima cha maji, kwa hiyo weka jagi karibu la kujazia juu.

Ukingoni gonga misumari ya kufungia kamba, na ngazi ya waya ukutani. Boti ikishuka, kamba ilegezwe kidogo kidogo, la sivyo inaning'inia. Na isikae karibu na mlango wa juu: kwenye loki za kweli kizingiti kinaweza kunasa mkia wa boti maji yakipungua, ikapinduka. Kwenye loki za mto Thames, Uingereza, kuna walinzi, na baadhi zina bomba la maji ya kunywa, choo na mahali pa kumwagia maji taka ya boti. Mimi naweka kibanda cha mlinzi chenye bati jekundu. Si lazima, napenda tu.

Vipande vilivyokwisha kukatwa vipo hapa karakana, pamoja na tyubu. Boti haimo kwenye bei, bado una kandambili ya pili.