Vueni pete kabla ya kutia mkono kwenye blichi

Waalaikumu salaam warahmatullah. Haya kaeni, wale wa nyuma sogeeni mbele maana spika haipo na miye koo langu ndo hili hili. Ahsanteni kwa kuniita tena Chake. Safari ile nilizungumza na kina mama tu, leo naona na vijana wa kiume wapo, alhamdulillahi, maana wao ndo wanaonunua pete na wao ndo hawaulizi kitu.

Mama mmoja kanishika pale mlangoni kaniambia, fundi, leo utwambie pete ipi bora. Sitosema. Suali hilo naulizwa tangu nimekaa kwenye kigoda cha usonara na jawabu yangu ni moja, nunua ile mfuko wako unaiweza. Nilichokuja kusema ni kuwa kila madini ina adui wake, na adui mkubwa kuliko wote mnae ndani, yuko msalani kwenye chupa ya plastiki, mnamnunua wenyewe. Blichi. Nimelisema Mkunazini, nimelisema Makunduchi, nimelisema Wete, na bado naletewa pete zilizokufa kwa blichi, na mwenyewe anakuja analia kaibiwa na sonara.

Ngojeni niwape kisa, na waliokwisha kukisikia wakisikilize tena.

Kaja dada mmoja dukani, kazi yake kufua mashuka hoteli moja kule mwambao wa mashariki Unguja. Pete kaifunga kwenye leso. Nyuma yake mumewe, kanuna, hata salamu kaitikia nusu. Akasema, mzee, tumeuziwa bandia, hebu pima. Sikuwauzia miye lakini nikapima. Nikaisugua kwenye jiwe, nikatia tindikali juu ya ule mchirizi, mchirizi umekaa pale pale. Ndani imegongwa 375 na kweli ni 375, ndo karati 9 hiyo, yaani kwenye sehemu 1000 dhahabu ni 375, zilobaki ni shaba, fedha, zinki. Hakuna alieibiwa. Lakini kito hakimo.

Nikaitia kwenye lenzi. Vikucha vya kushikia kito vilikuwa vinne, kimoja hakipo kabisa, cha pili nilipokigusa tu na ncha ya koleo kikamegeka kama biskuti. Na nyuma, pale pete ilipounganishwa kwa kulehemu, nyufa nyembambaa, mmeona tope la bonde la mpunga likikaushwa na jua? Basi vile vile. Nikamuuliza, mwanangu unafulia nini? Sabuni, na blichi, na maji ya moto. Pete unavua? Akamtizama mumewe kwanza. Sivui. Kwa nini huvui? Aliejibu ni mume, akasema mke wa mtu havui pete kazini, watu watamuonaje.

Nikamvutia kiti yule bwana nikamueleza, na nyie nawaeleza hivyo hivyo. Dhahabu safi ya karati 24 ni laini, ukiifanya pete ya kila siku itapinda, ndo maana tunaichanganya. Sasa dhahabu yenyewe hailiki ovyo, kinacholiwa ni vile tulivyochanganyia. Halafu mjue sonara anapopinda waya, anapokibana kikucha kishike kito, ile madini inabaki na mvuto ndani yake, kama upinde uliotegwa. Klorini iliyomo kwenye blichi inapenya kwenye mishono ya chembechembe za madini, inakula pale pale penye mvuto, na wewe huoni kitu, juu inang'ara vile vile, unajisifu pete yangu mpya, kumbe ndani ishakuwa mkaa. Siku moja unagusa mlango tu, tak, kimekatika. Maji yakiwa ya moto ndo inakwenda mbio zaidi. Karati ndogo, 9 na 14, zinaumia zaidi ya 22, na dhahabu nyeupe iliyochanganywa na nikeli ndo dhaifu kupita zote kwa jambo hili.

Yule bwana akanyamaza. Mkewe akakinyoosha kidole, pale pete inapokaa ngozi imebabuka, imekuwa nyeupe inachunika, miezi yote ile sabuni na blichi inalala chini ya pete. Hakuwahi kumwambia. Tukakaa kimya sote watatu pale dukani, na miye kazi niliyowafanyia siku ile sikuitoza.

Najua kuna bibi hapa anasema moyoni, aa fundi, mimi nimefua na pete yangu tangu usichana wangu na hii hapa haijambo. Naam, bibi yangu, nyoosha mkono nikuone. Hiyo ni karati 22, dhahabu 916 katika 1000, kipande kizima hakina kikucha wala kito, na wewe ulikuwa unafulia sabuni ya mche na maji ya kisima. Mjukuu wako kanunua karati 9 yenye vito vitano na anafulia blichi. Msilinganishe.

Na mwengine atasema nikivua itapotea. Itapotea ukiiweka ukingoni mwa karo! Au unaifunga kwenye pindo la kanga, halafu kanga hiyo hiyo unaitia kwenye ndoo ya kufulia, nimeyaona hayo, msicheke. Tafuteni kijaluba, ile ile ya bibi zenu ya tambuu, kiweke pahala pamoja siku zote, juu, mbali na maji. Pete iko kidoleni au iko kwenye kijaluba, pahala pa tatu hapana. Na nyie wanaume, mke akivua pete afue nguo zako usimuulize kaivulia nini.

Mama zangu wa mwani nawakumbuka pia. Maji ya chumvi kwa dhahabu si makali kama blichi, taabu yenu nyengine, kidole kikikaa kwenye maji kinapoa kinanywea, pete inateleza, na ikishaingia kwenye mchanga maji yakijaa huko umeiaga. Bora ibaki nyumbani.

Kusafisha, dhahabu ya kawaida haitaki dawa ya duka. Maji vuguvugu ndani ya bakuli, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, iache kama robo saa, halafu mswaki laini wa mtoto, sugua kwa upande wa ndani, maana uchafu unakaa nyuma ya kito hapo ndo kinapozimika. Suuza ndani ya bakuli, usisuuzie chini ya bomba. Dawa ya meno msitie, ina chengachenga zinazokwaruza. Na hili nawaambia kwa ajili ya somo wanaowapamba maharusi, singo ya kusugulia mwili ikipakwa pete iwe imevuliwa, na liwa hivyo hivyo, na hina. Haziui pete, lakini zinaganda chini ya kito zikawa kama saruji, biharusi ananiletea pete wiki moja baada ya harusi almasi imekuwa rangi ya manjano.

Sasa hili la pili nalisema taratibu. Krimu za kujichubua. Baadhi yake zimo zebaki. Zebaki na dhahabu zikikutana zinashikana, wachimbaji wadogo huko bara ndo wanavyoikamatia dhahabu kwenye mchanga, kwa zebaki. Pete inatoka baka jeupe, la kijivu, ukisugua halitoki. Krimu nyengine maelezo yake yenyewe yanakwambia usiigusishe na dhahabu, fedha wala aluminiamu, ukisoma hivyo ujue kilichomo ni nini. Ikishatokea usiende kimya kimya kwa sonara, mwambie, kwa sababu akiipasha moto ile zebaki inatoka moshi na moshi ule ni sumu, anauvuta yeye na mtoto wake anaekaa pale dukani. Na kitu kinachoishika dhahabu vile unakipaka usoni kila usiku, figo zako zinakuwaje? Wallahi miye sonara, si daktari, lakini hili nitalisema mpaka mnichoke.

Haya, fedha. Fedha ya pete ni 925, zilobaki aghlabu shaba. Adui yake ni salfa, iko kwenye yai, kitunguu, kitunguu thomu, iko kwenye mpira, kwa hivyo ukivaa glavu za mpira juu ya pete ya fedha usishangae imekuwa nyeusi. Weusi haumaanishi feki! Tandika karatasi ya foili ndani ya bakuli, pete iguse foili, tia baking soda kijiko kimoja na maji ya moto, utasikia kiharufu cha yai viza, ndo salfa inaihama fedha inakwenda kwenye foili. Dakika chache basi. Usifanye hivyo kama pete ina lulu au feruzi, na kama ina nakshi zilizotiwa weusi makusudi, nakshi itaondoka na weusi wake.

Vijana. Wengi mnavaa fedha, ndo sunna, vizuri. Lakini kuna wanaokuja wanataka "ile nyeupe ya kisasa", wanauziwa dhahabu nyeupe wakidhani ni kitu chengine. Dhahabu nyeupe ni dhahabu, imechanganywa tu na nikeli au paladiamu na juu imepakwa rodiamu, madini nyeupe inayong'ara, na rodiamu ikiliwa unaona inarudi umanjano, inataka kupakwa upya. Mwanamme wa Kiislamu, dhahabu kwake si halali, akitaka nyeupe isiyokuwa dhahabu achukue fedha, au platinamu kama anaiweza, na aulize kabla hajalipa.

Wengine mnavaa tangsten. Ngumu, haikwaruziki, sawa, lakini haipanuliwi wala haipunguzwi, ukinenepa umeachwa nayo, na ukiiangusha kwenye sakafu ya vigae inaweza kupasuka vipande. Kubwa zaidi, kidole kikivimba, kile kisumeno cha kukatia pete hakiipati. Haikatwi, inavunjwa, kwa plaisi ya kubana, unakaza kidogo unaachia, unahamia upande mwengine, macho yamefunikwa, mpaka ipasuke. Mwambieni muuguzi mapema kuwa hii tangsten asipoteze muda. Taitaniamu ni nyepesi, inakatwa ila kwa kifaa kikali. Na mvuvi, fundi umeme, fundi gereji, pete yoyote ile vueni kazini. Kamba ya nanga ikishika pete na ngalawa ikavuta, inaondoka na nyama ya kidole. Sitaki hata kueleza.

Muda naona umekwenda. Platinamu nilitaka kuisema, basi kwa ufupi, haifi na blichi wala haisawijiki, inapata mikwaruzo tu, lakini ukiivaa kidole kimoja na dhahabu inaitafuna dhahabu, mbili hizo zitenganisheni. Tanzanaiti, kito chetu cha Mererani, msitie kwenye mashine ya kusafishia ya mtetemo wala ya mvuke wala kuitoa kwenye baridi kuipeleka kwenye moto, inapasuka. Pleti, yaani madini nyengine iliyopakwa dhahabu juu tu, sugua kwa kitambaa tu, ukitia mswaki unaivua ile ngozi ya dhahabu. Zumaridi tutazungumza siku nyengine.

Ah, na wale wenye vipele chini ya pete, kabla hujasema una aleji, ukitawadha izungushe pete maji yapite, kausha. Ikikataa wiki mbili ndo tuitafute nikeli kwenye pete, maana ndo inayowapa wengi aleji.

Magharibi haiko mbali. Pale mezani nina lenzi, bakuli na miswaki. Wenye pete zenye vito waje mwanzo, na aliefua leo asubuhi na pete mkononi aniambie kabla hajaivua, nikishike kikucha kisije kikadondoka hapa sakafuni.