Land Cruiser 250: GX, VX au ZX?

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na mwenzangu Kelvin, na leo tunaongelea Land Cruiser 250, ile ambayo hapa Dar wote tunaiita Prado mpya. Meseji zenu nyingi zinauliza jambo moja: gredi zake za GX, VX na ZX zinatofautiana wapi, na mtu anayeagiza Japani achukue ipi?

KELVIN: Habari dada Zuhura, habari zenu wasikilizaji. Na wengi ukiwasoma vizuri wameshaamua ZX, wanataka tu tuwaunge mkono.

ZUHURA: Mimi sitawaunga mkono, nasema mapema kabisa.

KELVIN: Basi leo tuna kazi, maana mimi ZX naipenda. Ila tuanze na jina kwanza. Gari hili Toyota walilionyesha Agosti 2023, likaingia sokoni Japani Aprili 2024. Kule Japani jina la Prado wameliondoa, kwa hiyo kwenye makaratasi utakuta Land Cruiser 250. Australia na masoko ya Afrika bado ni Prado. Marekani wanasema Land Cruiser, basi.

ZUHURA: Na zile TX, TXL na TZ-G tulizozoea kwenye Prado 150 ya Japani, ile iliyotangulia hii, hazipo tena. Sasa ni herufi mbili mbili, na hapo ndipo watu wanapoumia. VX ya Japani siyo VX ya Australia. Australia wana gredi tano: GX, GXL, VX, Altitude na Kakadu. Mtu anaangalia video ya Mwaustralia anasifia VX yake, kesho yake anaingia mnadani Japani kutafuta herufi hizo hizo. Gari likifika bandarini anakuta kitu kingine. Hata injini haziko sawa: zote ni dizeli ya 2.8, lakini ya Australia imefungwa mfumo wa umeme wa volti 48 wa kuisaidia, na ile ya Japani iliyotoka 2024 haina.

KELVIN: Kwa hiyo leo tunazungumzia za Japani, maana ndizo zinazotufikia kwa wingi, usukani kulia.

ZUHURA: Sawa. Sasa naomba nianze chini ya gari, kwa sababu kila mtu anaanza na skrini. Gredi zote tatu zimekaa kwenye chesisi ya GA-F, ile ile ya Land Cruiser 300. Zote zinavuta magurudumu manne muda wote, zote zina gia nzito za kupandia mlima au kutokea kwenye tope, na zote zina difu ya kati aina ya Torsen, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambayo unaweza kuifunga. Ukinunua GX, ukinunua ZX, huo mwili wa chini ni mmoja.

KELVIN: Na usukani wa umeme pia. Kwenye 150 ulikuwa wa haidroliki, ukigonga jiwe tairi linarudisha ule mshtuko hadi mikononi. Hii imepunguza sana. Mtu anayeendesha saa nane kwenye changarawe ataiona tofauti mabegani.

ZUHURA: Injini sasa. Dizeli ni 1GD, lita 2.8 yenye turbo, nguvu farasi 204, toku, yaani nguvu ya kuvuta, Nm 500, gia nane. Mafundi wanaijua, iko kwenye Hilux na Prado tangu 2015. Petroli ni 2TR, lita 2.7, farasi 163, toku 246, gia sita. Angalia hiyo toku: nusu ya dizeli, kwenye gari lenye zaidi ya tani mbili.

KELVIN: Petroli inapatikana kwenye VX peke yake. GX ni dizeli tu, ZX ni dizeli tu.

ZUHURA: Na bei zilipotangazwa mwaka ule wa 2024 zilikuwa hivi: GX yeni milioni 5.2, VX ya petroli milioni 5.45, VX ya dizeli milioni 6.3, ZX milioni 7.35. Mnadani bei ni jambo jingine, gari likitafutwa sana linapanda kuliko dukani. Lakini hizo zinakuonyesha Toyota wenyewe wanapima vipi. Na mimi kinachonigusa hapo ni GX. Injini ile ile ya dizeli, gia nane zile zile, chesisi ile ile, na bei yake iko chini kuliko hata VX ya petroli.

KELVIN: Viti vitano lakini.

ZUHURA: Viti vitano, vya kitambaa, skrini ndogo. Mhandisi wa maji, mtu wa shamba, daktari wa mifugo, mtu yeyote anayebeba vifaa nyuma, viti vya safu ya tatu ni vya nini? Kitambaa kikiingia tope unakifua. Nasikitika GX haiulizwi kabisa hapa mjini. Watu wanaona kama ni gari la ofisi.

KELVIN: Wanaona hivyo kwa sababu siku ya kuuza atakayekuja kununua naye anataka ngozi na skrini kubwa. Hilo ni la kweli, dada, usilipuuze. Gari la hivi mtu anaweka mtaji wake ndani.

ZUHURA: Silipuuzi. Anayenunua ili auze baada ya miaka mitatu, achukue linalouzika. Mimi naongea na yule anayenunua alitumie.

KELVIN: Haya, niingie kwenye ZX. Wasikilizaji, ZX siyo ngozi na skrini tu. Ina kitu kinaitwa SDM, na ndicho kitu kipya kuliko vyote kwenye hili gari. Magari mengi yana ile nondo ya stabilaiza mbele, imeunganisha gurudumu la kushoto na la kulia kama mzega ulivyounganisha ndoo mbili: upande mmoja ukipanda, mwingine nao unavutwa. Lami inataka hivyo, gari lisilale kwenye kona. Sasa ukiingia kwenye njia iliyochimbika, gurudumu la kushoto limepanda gogo, la kulia linatakiwa lishuke kwenye shimo likanyage ardhi. Nondo inalizuia. Linaning'inia hewani, linazunguka bure.

ZUHURA: Na hapo ndipo utingo anashuka na kutafuta mawe.

KELVIN: Hapo hapo. ZX unabonyeza kitufe, nondo inaachana, kila gurudumu linashuka lenyewe. Ukishatoka na kuongeza mwendo inajiunga tena. Pamoja na hiyo kuna kile kiteuzi cha aina ya ardhi, unachagua mchanga, tope, mawe, na gari linapanga lenyewe breki na nguvu ya injini. Mtu wa Lushoto kwenda Mtae wakati wa masika, au anayeingia vijiji vya Ludewa, hiyo siyo anasa.

ZUHURA: Nakubali kabisa kuhusu SDM, ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini niambie, imekuja na tairi gani?

KELVIN: Rimu za inchi 20.

ZUHURA: Ndiyo. 265/60R20. VX ni 265/65R18. Wasikilizaji, zile namba ubavuni mwa tairi zisomeni. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya huo upana ambayo ndiyo kimo cha ubavu. Asilimia 60 ya 265 ni milimita 159. Asilimia 65 ni 172. Hizo milimita 13 ndizo zinazokaa kati ya rimu yako na jiwe. Ukishusha upepo uingie mchangani, ubavu mrefu unatanuka vizuri. Halafu nenda Tunduma au Kigoma saa mbili usiku utafute tairi la inchi 20 kwa ajili ya gari la milimani, uone utakachoambiwa. La 18 kulipata ni afadhali.

KELVIN: Lakini tairi la ZX kwa jumla ni refu zaidi, linaliinua gari zaidi kidogo ya sentimita moja. Na rimu unaweza kubadilisha, ukaweka za 18 ukabaki na SDM yako.

ZUHURA: Unaweza, kama umebaki na hela baada ya kutoka bandarini. Na mtu wangu yule wa kawaida hajafika huko. Ametoa karibu yeni milioni moja zaidi ya VX, kwa kitufe atakachokibonyeza akienda kijijini Desemba.

KELVIN: Kama kijiji chenyewe kina njia ile niliyoisema, Desemba moja inatosha.

ZUHURA: Hapo sitabishana. Jambo jingine ambalo halisemwi na wauzaji: AdBlue. Dizeli hizi za Japani, gredi zote, zina tenki la pili la maji ya urea. Yanapuliziwa kwenye moshi kusafisha hewa chafu. Dashibodi itakuonya yakipungua. Ukipuuza yakaisha kabisa, ukizima gari haliwaki tena mpaka uyaongeze.

KELVIN: Hili lilikuwepo hata kwenye Prado 150 za dizeli za Japani, na watu walishangaa.

ZUHURA: Walishangaa, wengine wakatia maji ya kawaida, na mfumo ukaharibika. Usitie maji, usitie dizeli. Nunua dumu lililofungwa, kaa nalo kwenye buti ukienda mbali. Na akija mtu wa kompyuta kukwambia anauzima huo mfumo, fikiria sana. Moshi huo unapumuliwa na watoto wako.

KELVIN: Kwa hiyo kwa mtu aliye mbali na mji, asiyetaka habari za urea, VX ya petroli ina hoja?

ZUHURA: Ina hoja. 2TR fundi yeyote anaifungua, haina turbo, haina urea. Ila inakunywa. Kwa kipimo cha Japani petroli ni kilomita 7.5 kwa lita, dizeli 11. Tenki ni lita 80. Zidisha mwenyewe: petroli kilomita 600, dizeli 880, na hiyo ni hesabu ya maabara, barabarani ni pungufu. Na usidhani 2.7 itakupunguzia ushuru wa bidhaa, zote mbili zimevuka cc 2000. Toka Morogoro upande Kitonga ukiwa na watu saba na mizigo juu, utaikumbuka ile toku 500.

KELVIN: Kitu kimoja nilichokipenda kwenye gredi zote: bampa limegawanywa vipande. Ukikwaruza kona unabadilisha kona, hubadilishi bampa zima. Na taa vilevile wamezifikiria upande wa kuvunjika na kubadilishwa.

ZUHURA: Na dashibodi wameishusha, boneti wameibonyeza katikati ili uone ardhi ya mbele. Ila upana umeongezeka, milimita 1,980, karibu sentimita kumi zaidi ya 150. Anayeegesha Kariakoo apime kwanza.

KELVIN: Tumjibu yule baba wa Mbeya aliyetutumia meseji. Anabeba watu saba, Dar kwenda Kyela, mara chache shambani.

ZUHURA: VX ya dizeli, rimu 18. Bila kusita.

KELVIN: Kwa safari hiyo nami nasema VX.

ZUHURA: Na kabla hajalipa aangalie namba ya chesisi. GDJ250 ni dizeli, TRJ250 ni petroli. Tangazo linaweza kukosewa, namba haikosei. Halafu kila gari lina vitu vya kuongezewa kiwandani, VX mbili zinaweza zisifanane. Kwa hiyo amwambie wakala ampigie picha ya vitufe vyote vilivyo karibu na gia, kwa karibu, na picha ya ubavu wa tairi namba zionekane. Kama ni ZX na kitufe cha SDM hakionekani, aulize kabla ya kutuma hela.