Mapenzi bila maneno: Sunrise ya 1927

Haya jamani, mliokaa kule nyuma sogeeni. Leo ni Sunrise, muvi bubu ya 1927, mwongozaji Mjerumani F. W. Murnau, William Fox, mwenye studio ya muvi ya Fox, ndo alimvuta Marekani akampa hela afanye anavyotaka, na jamaa alizitumia kweli, kajenga kijiji kizima kando ya ziwa Lake Arrowhead huko California halafu kajenga na mji, nyuma ya mji akapanga watu wafupi ili barabara ionekane ndefu.

Stori yenyewe fupi tu. Mkulima, hata jina hapewi, kanasa kwa mwanamke wa mjini aliyekuja likizo, anaambiwa uza shamba twende mjini. Na mke je? Hapo yanatokea maandishi, kwani hawezi kuzama? na herufi zenyewe zinateleza kwenda chini ya skrini kama zinazama. Hujasikia neno lakini mwili unasisimka.

Sasa mwangalieni George O'Brien anavyotembea, mabega yameanguka, miguu haiinuki. Viatu vyake vilitiwa uzito wa madini ya risasi. Yaani dhambi hajaifanya bado lakini tayari anaibeba, na mimi naona mistari kumi ya maongezi isingefika hapo.

Ila kwangu roho ya hii muvi ni kwenye tramu, lile gari la abiria la kwenye reli. Mtumbwini kasimama amuue mkewe, kashindwa, wamefika ufukweni mke anatimua mbio msituni anadandia tramu, mume nyuma yake. Wamesimama mle ndani, hawaangaliani, dirishani miti inaisha na nyumba zinaanza, mume anataka kumgusa na mkono wenyewe anauogopa. Mjini anamnunulia keki, mke anajaribu kula, analia. Ni mpaka wanapoingia kanisani kwenye harusi ya watu wengine, mume anasikia viapo, anavunjika kabisa, ndo mke anamshika kichwa. Muvi nyingi za mapenzi hapo zingemaliza kwa samahani moja na ua, Murnau anakulazimisha ukae na ule woga mpaka uishe wenyewe.

Janet Gaynor, huyo mke, ndo mwigizaji wa kwanza wa kike kupata Oscar, 1929, kwa hii na nyingine mbili. Na tukisema bubu tuelewane, ilitoka na muziki na milio iliyorekodiwa, maongezi tu ndo hayapo, halafu haikupita hata wiki mbili ikatoka The Jazz Singer, yenye maongezi, watu wote wakakimbilia muvi za kuongea. Negativu yake, yaani filamu yenyewe ya asili, iliungua 1937 kwenye moto wa stoo ya Fox New Jersey, tunayoangalia imetokana na kopi.

Kinachonikera ni kimoja, yule mwanamke wa mjini. Kavalishwa nyeusi, kapewa sigara na ubaya wote, wakati aliyesimama mtumbwini mikono imetanguliza ni mume. Hapo Murnau kamhurumia mwanaume mno. Mnaobisha nyoosheni mikono, dada wa mbele anza.