Mwenye Shamba Hachimbi Mtaro kwa Ajili ya Bwawa

Mabibi na mabwana, nitarudia nililolisema mara nyingi: mwenye shamba habadiliki kwa kuhubiriwa. Anapiga hesabu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kila msimu wa mvua udongo wa miteremko ile huishia mitoni. Nasi tunapanda magari, tunakwenda kumweleza mtu wa nusu ekari habari za bwawa. Bwawa si lake!

Mwelezeni habari za ng'ombe wake. Mtaro wa fanya juu, unaochimbwa kukatiza mteremko ili kushika udongo, una upana wa sentimita 60 na kina kama hicho. Udongo hutupwa upande wa juu, ukiachiwa nafasi ya sentimita 15 hadi 30 usiporomoke kurudi mtaroni. Juu ya tuta hupandwa nepia, nyasi ya kulishia ng'ombe, na ikifika kimo cha mita moja hukatwa, visiki vikaachwa vichipue. Mama anayekamua hahitaji semina hapo. Mzigo wa majani aliokuwa akiununua sasa anaukata nyuma ya nyumba. Udongo umeshikwa, Nairobi imepata maji, ila yeye alichimba kwa sababu ya maziwa.

Mtaniuliza, mbona basi wengi huachia njiani? Kwa sababu kazi ya kuchimba huangukia Januari na Februari, karo imeshakomba mfuko, na vibarua wanataka pesa mkononi. Tena mstari wa mtaro ukikadiriwa kwa macho badala ya kupimwa kwa timazi na fremu ya miti yenye umbo la herufi A, maji hukusanyika penye bonde, hupasua tuta na kuacha korongo. Jirani akiliona korongo lile, hashiki jembe. Na mahindi ya mstari ulio karibu na nepia hugeuka manjano, maana nyasi ile hufyonza rutuba kwa pupa. Tuwaambie hayo mapema, na samadi ianzie mstari huo.

Sasa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, kwa haraka. Kuanzia 2000, mpango wa kukodi ardhi uliwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua, wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapite. Fedha zilikuwa kidogo, lakini zilifika shule zikifunguliwa, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya mpango huo. Bei ya ploti ilipopanda, dola 4 zingeshindana na nini? Msiwalaumu waliouza.

Saa inanibana, na hati miliki sijaigusa. Aliyekodi shamba msimu mmoja hapandi mti wa mgrevilea avune mwingine. Mama anayelima ardhi iliyo bado kwa jina la marehemu baba mkwe wake hakati mti bila shemeji kuuliza. Kanuni za serikali za 2009 kuhusu miti ya mashambani zilitaka asilimia 10 ya shamba iwe miti, sawa, lakini wenye miradi mlio hapa, tengeni kwanza fedha za kesi za urithi, kabla hamjanunua miche.