Mtoto wa Sehemu ya 12: kasi na ubora katika kuandika riwaya

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo, waandishi wenzangu. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu Jumamosi ya leo mkaja kukaa nami. Nimeombwa nizungumzie kuandika haraka na kuandika vizuri, kama mtu mmoja anaweza kuyapata yote mawili. Nitaanza na mtoto.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naandika hadithi ya mfululizo kwa simu. Wengi wenu mnaijua kazi hii: unafungua kundi la WhatsApp, msomaji anakutumia hela kwa simu, unamwingiza, na kila jioni unatuma sehemu moja. Usipotuma, ikifika saa tatu usiku ujumbe unaanza kumiminika. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na hela zile ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Nikitoka kazini saa kumi naketi, saa moja na nusu nimemaliza, maneno elfu moja na zaidi, sijarudi nyuma hata mstari mmoja.

Katika hadithi hiyo kulikuwa na mwanamke, Rukia, anayetoka Pangani kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Sehemu ya 12 alimwacha mwanawe Idrisa, wa miaka minne, kwa jirani. Nilitaka Rukia afike mjini akiwa mwepesi, na mtoto angenifungia njia. Sehemu ya 13 yuko Kariakoo, ameshapata kazi kwa mama lishe. Sehemu ya 20 ana mchumba. Sehemu ya 33 kuna kesi, kuna polisi, wasomaji wanaongezeka kila wiki. Ilipofika sehemu ya 41 msomaji mmoja, mama mtu mzima, akaniandikia. Hakuandika kundini mbele za watu, alinifuata pembeni. "Mwanangu, yule mtoto aliyeachwa kwa jirani anakula nini? Mama yake hajamtaja hata siku moja."

Usiku ule nilirudi nikasoma sehemu 29. Kweli, hakumtaja. Hakumtumia hela, hakumwota, hakuona mtoto mwingine njiani akashtuka. Rukia niliyemkusudia alikuwa mama anayejitesa kwa ajili ya mwanawe. Rukia niliyemwandika alikuwa ameshamsahau.

Watu wakilaani haraka hutaja makosa ya herufi, ngeli zilizogongana, jina lililobadilika katikati. Hayo mhariri huyaondoa kwa siku mbili. Mimi nilimkosea mtu. Nilimfanya mama katili bila kukusudia, kwa kuwa kila jioni nilikuwa nakimbilia tukio la kesho, na mtoto hakuwa sehemu ya tukio la kesho.

Sasa, mngetarajia niseme: basi, tuandike taratibu. Haraka haraka haina baraka. Lakini kila mwenye kuijua methali hiyo anajua pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nimeumwa na zote mbili. Baada ya hadithi ile niliapa kuandika riwaya ya taratibu. Sura ya kwanza niliiandika upya miaka miwili. Kila sentensi niliipiga msasa. Sura ya pili haikuzaliwa. Nilikuwa najiambia nautafuta ubora, na kwa kweli nilikuwa naogopa: maadamu sura ya kwanza haijaisha, hakuna atakayeweza kusema kitabu ni kibaya. Siku nilipoufungua ule mswada baadaye sikukumbuka tena ni nini kilichonifanya niuanze. Ari ya hadithi ina muda wake, kama hamira.

Kwa hiyo nikaanza kuchunguza wenzetu walifanyaje.

Yuko Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, mfanyakazi wa posta. Aliamka alfajiri, akaandika kwa muda wa saa tatu kabla ya kwenda kazini, saa yake ya mfukoni mbele yake mezani, akijilazimisha maneno 250 kila robo saa. Aliyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1883, baada ya kufa kwake. Aliacha riwaya 47. Upande wa pili yuko Gustave Flaubert, Mfaransa, aliyeikalia riwaya yake Madame Bovary tangu 1851 hadi 1856, akilalamika katika barua zake kwamba wiki nzima imempa kurasa chache tu.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja unaona kama unatakiwa kuchagua. Lakini kwanza tuulize nani alikuwa analipa chakula. Trollope alikuwa na ajira, ndiyo maana alfajiri ilikuwa yake na mchana haukuwa wake. Flaubert alikuwa na mali ya familia. Naomba sana, tusimwambie kijana anayelisha wadogo zake kwa sehemu za hadithi kwamba msanii wa kweli husubiri miaka mitano. Tunamkosea adabu. Mwandishi wa mfululizo ana deni kila jioni, na analilipa. Nawaheshimu sana watu hao, nami ni mmoja wao.

Halafu tumtazame Flaubert kwa karibu. Hakwenda pole mahali pote kwa kiasi kimoja. Sura ya maonyesho ya kilimo, ambamo mwanamume anamtongoza Emma, mhusika mkuu, huku chini uwanjani viongozi wanatoa hotuba na zawadi za mifugo, ilimla miezi. Sura moja! Alijua hapo ndipo kitabu kinaposimama au kuanguka, akakaa hapo.

Na Dostoyevsky, yule Mrusi, je? Mwaka 1865, akiwa na madeni shingoni, alitia saini mkataba mbaya na mchapishaji mmoja. Asipopeleka riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji atachapa vitabu vyake miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ikaingia, hana hata ukurasa. Akaajiri msichana wa miaka 20 aliyesomea hati mkato, Anna Grigoryevna, akamtamkia riwaya kwa mdomo, wakaimaliza kwa siku 26. Siku ya kuwasilisha, mchapishaji hakupatikana, ikabidi mswada upelekwe kituo cha polisi ili kuwe na ushahidi wa tarehe. Mwaka uliofuata Dostoyevsky alimwoa Anna.

Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya kasi. Mimi nasikia jambo jingine ndani yake. Riwaya ile inahusu mcheza kamari, na Dostoyevsky alikuwa mcheza kamari. Mwaka 1863 alikwishamwandikia rafiki yake barua akieleza wazo hilo hilo. Meza zile alizikalia, hasara ile aliila mwenyewe. Siku 26 zilikuwa za mdomo na kalamu. Hadithi ilikuwa imeiva miaka mitatu. Kijana akiniambia ameandika riwaya kwa mwezi mmoja, simuulizi kwa nini haraka hivyo. Namuuliza: amekaa nayo kichwani tangu lini?

Hata kwetu tarehe za vitabu zinaweza kutudanganya. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Kisima cha Giningi mwaka 1968. Miaka minane. Kisha kuanzia 1973 hadi 1976 Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi zake, akawa anatujia karibu kila mwaka. Mtu yule yule, mpelelezi yule yule, kiko ile ile mdomoni. Je, tuseme alikuwa mvivu halafu akawa mwepesi? Kufikirika ya Shaaban Robert iliandikwa 1946, ikachapishwa 1967, mwenyewe amefariki miaka mitano kabla. Miaka 21 ile haikuwa ya kupiga msasa. Ilikuwa ya kungoja. Na Mohamed Suleiman Mohamed ana riwaya mbili, Kiu na Nyota ya Rehema, na hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayemwona mdogo kwa uchache huo.

Nilichokipata katika kuhangaika huku ni kwamba kitabu kimoja hakina mwendo mmoja. Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka. Ukili alikuwa akiusuka akitembea, akipiga soga, akigombeza wajukuu, macho hayako mikononi kabisa, na ukili unarefuka tu. Lakini siku ya kushona, kuunganisha ukili na ukili, hapo aliketi mlangoni penye mwanga na hatukuruhusiwa kumsemesha. Mkeka ukipinda, alisema, umepindia kwenye mshono.

Basi nikaanza kuandika rasimu zangu kwa kasi ile ile ya mfululizo, maneno 800 kila alfajiri kabla ya shule, bila kusimama. Ila kila ninapohisi nimeokota sentensi ya watu wote, naandika pembeni herufi P. Polepole. Siirekebishi, naendelea. Mnazijua sentensi hizo: moyo ulimwenda mbio, machozi yakamtiririka, nguvu zikamwishia, hakuamini macho yake. Mkono wenye haraka huokota kilicho karibu, na kilicho karibu ni kile ambacho kila mtu ameshakishika. Vilevile naweka P pale ninapojua nimekwepa: mtu ametubu kwa mistari miwili, maiti imezikwa kwa mstari mmoja, mtoto ameachwa kwa jirani. Ukiandika unahisi kabisa mwilini unapogeuza uso. Mimi hupata kiu, naondoka kwenda kunywa maji. Nimejifunza kwamba nikitaka maji katikati ya sentensi, hapo pana P.

Rasimu ikiisha naiacha miezi miwili, kisha nahesabu P. Riwaya yangu ya mwisho ilikuwa na 63. Hizo ndizo zinazopewa muda. Kurasa nyingine nazipitia mara moja kwa sauti, mtu akinisikiliza, kwa sababu Kiswahili kikipinda sikio hujua kabla ya jicho, halafu naziacha. Naziacha kwa makusudi. Katika hadithi ya Rukia kuna mahali anakimbizwa sokoni Kariakoo, kati ya mabelo ya mitumba na matoroli, niliandika kwa jioni moja nikiwa na homa. Nilipokuwa naiandaa iwe kitabu nilikaa nayo wiki tatu nikaipamba. Ilikuwa nzuri na imekufa; Rukia alikuwa anakimbia huku anatazama mandhari. Nikarudisha ile ya jioni moja, nikabadilisha maneno mawili.

Na nina daftari, la karatasi, la shilingi mia chache. Kila mtu wa hadithi ana ukurasa: umri, nani anamdai, nani anamngoja, mara ya mwisho nilimwacha wapi. Alfajiri kabla ya kuandika nalisoma dakika tano. Ningekuwa nalo wakati ule, Idrisa asingepotea.

Nirudi kwake, maana najua mnataka kujua nilimjibu nini yule mama. Kesho yake nilituma sehemu ya 42, na ndani yake niliweka kiraka: "Ghafla Rukia alimkumbuka mwanawe Idrisa. Moyo ulimuuma kupita kiasi, machozi yakamtiririka kama maji." Nilidhani nimelipa deni. Mama akajibu kwa upole: "Sawa mwanangu, nimeona." Sikulala vizuri, kwa sababu nilijua hakuona, nami nilijua sikumwonyesha.

Hadithi ilipokuwa kitabu, nusu ukurasa ule ulinichukua siku kumi na moja. Siku nne za mwanzo nilikuwa bado natafuta namna nyingine ya kusema amelia. Siku ya tano nikaacha machozi kabisa, nikajiuliza mama aliye mbali na mwanawe miezi saba hajui nini tena juu yake. Jino lililotoka. Neno jipya alilojifunza. Nikakwama hapo mpaka siku ya tisa, nilipokuwa nawanunulia wanangu viatu vya Idi, mmoja yuko kwa shangazi yake, na muuzaji akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Naomba niwasomee, kisha tuingie kwenye maswali.

"Mmachinga alikuwa amepanga kandambili za watoto juu ya turubai, nyekundu upande mmoja, bluu upande mwingine. Rukia akachutama. Akaokota ya bluu.

'Namba ngapi, dada?'

Hakujua. Akaiweka kandambili juu ya kiganja chake, kisigino kwenye mkunjo wa mkono, kama alivyokuwa akipima Pangani, mguu wa Idrisa ukiishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Ilitosha sawasawa. Akaitazama. Akairudisha, akachukua iliyozidi upana wa kidole kimoja. Akaishika kidogo. Akairudisha nayo, akachukua iliyozidi vidole viwili."