Homoni Haimwamuru Mdudu

Ahsante, Mwenyekiti. Mliowahi kunisikia mmeshajua ninakoelekea, kwa hiyo endeleeni na simu zenu. Wengine nivumilieni, maana jambo hili linanikera. Wanafunzi wanakaririshwa kwamba ekdisoni ni homoni ya kujivua gamba, na homoni ya utoto ni ya kumzuia mdudu asipevuke. Mtu anapata alama zake, anaondoka akiamini kuwa homoni ndiyo inayoamua na tishu inatii tu.

Mchukueni Wigglesworth, yule Mwingereza aliyekuwa akiwakata vichwa wadudu wa Rhodnius miaka ya 1930. Hawa ni wanyonya damu, na bila kichwa wanaishi miezi. Akaonyesha kwamba tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo, ile inayotoa homoni ya utoto, humfanya tunutu, yaani mdudu mchanga asiyepevuka, abaki tunutu. Sawa, hilo mnalo vitabuni. Lakini mwaka 1936 akaonyesha pia kuwa tezi hiyo hiyo, kwa jike aliyekwisha kupevuka, ndiyo inayokuza mayai. Mkate kichwa akishashiba damu, mayai yanakwama. Mpandikizie tezi, yanaendelea. Haya, niambieni: homoni ya kuzuia upevu inafanya nini kwenye tumbo la mama?

Hapo ndipo ninaposimulia kisa cha karatasi, na sitaomba radhi. Mwaka 1964 Karel Sláma, mtafiti wa wadudu, alitoka Prague kwenda kufanya kazi na Carroll Williams katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikwenda na wadudu wake, Pyrrhocoris apterus, wekundu wenye madoa meusi. Kwao Ulaya mdudu huyu hupita hatua tano za utunutu, kisha anapevuka. Huko Harvard wadudu wakakataa. Walifika hatua ya tano, wakajivua gamba, wakatoka tunutu tena, wakubwa kupita kiasi. Wengine waliingia hata hatua ya saba. Wote wakafa bila kupevuka.

Mnaweza kufikiria jinsi mtu anavyohaha. Kila dalili ilisema wadudu wanapata homoni ya utoto kutoka mahali fulani, na katika maabara ya Williams, aliyekuwa bingwa wa homoni hiyo, mtu wa kwanza kushukiwa ni mwenye nyumba. Wakapitia tofauti moja moja kati ya Prague na Harvard. Mwishowe wakabaki na kitu ambacho hakuna aliyekijali: karatasi laini ya kukaushia mikono, iliyotandikwa kwenye vyombo vya kufugia. Wakaiondoa, wakaweka karatasi ya maabara ya kuchujia, na wadudu wakapevuka kama kawaida.

Basi wakaanza kujaribu magazeti! New York Times lilizuia upevu. The Times la London halikuzuia kitu. Jarida la Science lilizuia, Nature likawaacha wadudu wakue. Kumbe karatasi za Marekani zilitengenezwa kwa mti wa Abies balsamea, na mti huo una kemikali inayojifanya homoni ya utoto. Mwaka 1966 kemikali yenyewe ikatambuliwa, ikaitwa juvabioni.

Watu hucheka wakaishia hapo, na mimi ndiyo kwanza naanza. Karatasi ile ilikuwa imejaa katika maabara za Marekani miaka yote, na wadudu wa aina nyingi walifugwa juu yake wakapevuka bila shida. Juvabioni inawashika Pyrrhocoris na jamaa zao wa karibu, wengine haiwasumbui. Kemikali ni moja. Kilichotofautiana ni mwili ulioipokea.

Ni kama kengele ya shule: wanafunzi wanaingia darasani, mpishi anapakua, mlinzi anafunga geti. Kengele haijui hata moja ya kazi hizo.

Sasa ndani ya mwili mmoja. Buu wa nzi wa matunda anapokaribia kuwa pupa, ile hatua kati ya buu na mdudu kamili, ekdisoni inapanda kwa ghafla katika damu yake. Utumbo wa kibuu unaanza kufa. Wakati huo huo, vifuko vidogo vya seli vilivyokuwa vimejikunja vinajikunjua kuwa mabawa na miguu. Homoni ile ile, saa ile ile. Maabara ya David Hogness, mtafiti wa jeni, ilionyesha mwaka 1993 kwamba kipokezi cha ekdisoni, yaani protini inayoipokea homoni ndani ya seli, kina maumbo zaidi ya moja, yote yakitoka katika jeni moja, na kwamba tishu za kufa na tishu za kujenga hazitumii umbo lile lile.

Najua kuna mtu atasema: basi wenye kuamua ni jeni. Ndugu yangu, umeondoa bosi mmoja ukaweka mwingine. Jeni ya Met hutengeneza kipokezi cha homoni ya utoto. Nzi wa matunda akiikosa anaishi, kwa sababu ana jeni nyingine pacha yake. Akikosa zote mbili anakufa anapojaribu kuwa pupa. Na Met peke yake bila homoni haiwashi Kr-h1, ile jeni inayozuia upevu. Nani bosi hapo?

Mbu nitawapitisha haraka, Mwenyekiti ananiangalia. Jike wa Aedes akitoka kwenye pupa, homoni ya utoto huandaa ovari na mwili wa mafuta, tishu inayofanya kazi kama ini letu, bila kutoa yai. Akinywa damu, ubongo unatoa ishara, ovari inatengeneza ekdisoni, na mwili wa mafuta unamwaga protini ya kiini cha yai. Dawa ya methopreni, inayoiga homoni ya utoto, haimuui buu mchanga papo hapo. Inamngoja afike mwisho wa ubuu, kisha anakwama akiwa pupa. Kwa nondo wa hariri, wafugaji waliwahi kuitumia makusudi ili kiwavi ale siku zaidi na kusuka kifukofuko kizito.

Nyuki sikuwafikia. Kwa mtenda kazi homoni ya utoto hupanda anapoacha kulea na kuanza kutoka nje kutafuta nekta, na malkia anayetaga kila siku anayo kidogo tu, kinyume kabisa na Rhodnius. Mwenye swali aanzie hapo.